Wakili wa Ajali ya Lori Hujulikana kwa Maswali Yake

Ajali ya lori ikitokea kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba, wa kwanza kufika ni wananchi, kisha polisi. Wa tatu huja hospitalini. Majeruhi bado ana dripu mkononi, na mtu mpole asiyemjua anavuta kiti karibu na kitanda akiwa na bahasha ya kaki. Jina la majeruhi analo, nambari ya lori anayo. Anasema ametumwa na wakili, na kwamba hakuna pesa ya kutoa: "Weka sahihi hapa, bima ikilipa tutagawana."

Huyo ni broka. Kanuni za uwakili nchini Kenya zinamkataza wakili kuwinda wateja kwa kutuma watu, kwa hiyo ofisi inayoanza kazi kwa njia hiyo imeshakuonyesha inavyoziheshimu kanuni. Mwambie akuachie nakala usome, na usitie sahihi wala alama ya dole gumba.

Muda wa kuchagua upo. Sheria ya ukomo wa mashtaka inampa aliyejeruhiwa kwa uzembe miaka 3 kufungua kesi ya madai. Lori likiwa la serikali, muda huo hushuka hadi miezi 12, na wengi hugundua hivyo wakiwa wamechelewa. Lakini ushahidi hausubiri miaka 3. Siku chache za kuulizia wakili zinatosha. Miezi sita ya kusitasita ni hasara.

Unapoulizia, usijali sana ukubwa wa ofisi. Sikiliza anachotaka kujua wakili katika kikao cha kwanza. Anayeuliza tu umeumia wapi na umelazwa siku ngapi, anaiona kesi yako kama ya gari dogo. Anayeijua kazi hii huuliza pia kuhusu lori lenyewe.

Lori moja, wenyewe wengi

Lori refu la barabara kuu ni magari mawili yaliyounganishwa. Kichwa kina usajili wake na trela ina wake, wenye nambari inayoanza na Z. Kichwa kinaweza kuwa cha mtu binafsi, trela ikawa ya kampuni ya uchukuzi, mzigo ukawa wa mfanyabiashara wa tatu, na dereva akawa ameajiriwa na mtu wa nne. Trela ikichomoka au breki zake zikishindwa, mwenye trela ana maswali ya kujibu hata kama jina lake halimo kwenye abstrakti ya polisi.

Sheria ya Trafiki inasema anayeandikwa kwenye usajili huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana utetezi wa kwanza wa wenye malori huwa, "Hilo nililiuza zamani." Wakili makini hutafuta rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, za kichwa na za trela, zikionyesha umiliki siku ya ajali, kabla ya kuandika barua ya madai. Akikuta jina la benki pamoja na la mwenye lori, atakueleza kwamba mara nyingi benki imo kwa sababu ya mkopo tu, na kuishtaki huenda kukakuongezea gharama bila faida. Muulize waziwazi: "Utamshtaki nani, na kwa nini?" Jibu la jina moja, lililotolewa kabla ya kutazama karatasi yoyote, halitoshi.

Kama ulikuwa ndani ya matatu iliyogongana na lori, madereva wote wawili huenda wana lawama, na abiria asiye na kosa kwa kawaida hushtaki pande zote mbili. Hapo uliza kama ofisi hiyo inamtetea pia dereva au mwenye matatu. Ikiwa ndivyo, tafuta ofisi nyingine, kwa maana wakili hawezi kukutetea wewe na huku anamkinga mtu unayemdai. Majeruhi wakiwa wengi, uliza pia kuhusu kesi ya kielelezo. Mahakama inaweza kuchagua kesi moja iamue nani alaumiwe na kwa kiasi gani, kisha uamuzi huo utumike kwa wengine wote. Ni vizuri ujue kesi hiyo inaongozwa na nani.

Ushahidi unaofutika

Sheria ya Trafiki inamzuia dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Malori yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Yale ya mzigo mzito hupita kwenye mizani kama za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na rekodi hubaki. Shehena inayovuka mpaka hufungwa lakiri ya kielektroniki ambayo mamlaka za ushuru huifuatilia kuona lori liko wapi na limesimama wapi. Kampuni nyingi zina vifuatiliaji vyao pia.

Ukiziweka rekodi hizo pamoja, unapata hadithi ambayo dereva hatakupa. Tuseme lori lilipimwa Mariakani alfajiri na likagonga watu karibu na Salgaa usiku wa siku hiyo hiyo. Umbali mrefu uliopo kati ya sehemu hizo mbili, ukilinganishwa na saa 8 za sheria, unamwachia mwenye kampuni swali gumu: ni nani aliyepanga safari hiyo? Kosa halibaki tena la mtu aliyesinzia kwenye usukani, linamfikia aliyemtuma.

Data za vifuatiliaji huhifadhiwa kwa muda, kisha hufutwa. Lori nalo hukaguliwa, huachiliwa na kurudi barabarani likiwa na breki mpya. Kwa hiyo wakili anatakiwa kuandika mapema barua ya kutaka rekodi zihifadhiwe, kupata ripoti ya ukaguzi wa gari, na kufuatilia kesi ya dereva katika mahakama ya trafiki. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika kesi ya fidia. Akiachiliwa, mlango wako haujafungwa, kwani kiwango cha kuthibitisha madai ni cha chini kuliko cha jinai.

Bima ina dari

Bima ya lazima ya magari haimlindi mdai mmoja zaidi ya KSh milioni 3. Kwa aliyevunjika mkono, dari hiyo iko juu sana. Kwa aliyekatwa mguu au kuumia uti wa mgongo, si hivyo. Tuseme mahakama imekupa KSh milioni 4.2: milioni 1.2 inayozidi utaidai kwa mwenye lori, isipokuwa bima yake iwe ya kiwango kikubwa zaidi. Kama ana lori moja tu na ndilo hilo lililogeuka vyuma chakavu, hukumu yako ni karatasi. Wakili mzuri huchunguza uwezo wa kila mdaiwa mwanzoni kabisa. Pia huipelekea kampuni ya bima notisi ndani ya muda uliowekwa na sheria, maana bila notisi bima inaweza kukataa kulipa hata hukumu uliyoshinda.

Lori la Uganda, Rwanda au Kongo halikuondolei haki yako. Malori hayo huvuka mpaka na Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambulika katika nchi za mpango huo, Tanzania ikiwemo. Madai hufuata sheria za nchi ajali ilikotokea, na kwa Kenya hupitia ofisi ya kitaifa ya mpango, ambayo ni Kenya Re. Jamaa aliye eneo la ajali apige picha ya kadi hiyo na ya stika ya bima, pamoja na nambari za kichwa na trela, kabla lori halijaondolewa.

Wewe ni nani katika ajali hii?

Utingo au dereva aliyeumia kazini hafuati njia ya abiria. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, WIBA, inapeleka dai dhidi ya mwajiri kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huo Desemba 2019. Wakili anayekimbilia kumshtaki mwajiri mahakamani atakupotezea wakati.

Aliyepewa lifti kwenye kabini ana tatizo lake. Bima ya lazima ya lori la mizigo haitakiwi kumlinda mtu aliyebebwa nje ya ajira yake na bila nauli. Anaweza kumdai mwenye lori, lakini asiahidiwe pesa za bima ambazo huenda hazipo.

Familia iliyofiwa nayo huhitaji hati ya usimamizi wa mirathi kabla ya kudai kwa niaba ya mali ya marehemu. Wakili anayefungua kesi kwanza na kutafuta hati baadaye anahatarisha dai lote.

Na kama jeraha ni dogo, huenda wakili humhitaji. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya fidia ya majeraha yasiyozidi KSh milioni 1, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe.

Ada na utambulisho

Marekani, wakili wa ajali huchukua sehemu ya fidia akishinda, na asiposhinda hapati ada. Wakenya wengi hudhani ndivyo ilivyo hapa. Sivyo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinayanyima nguvu makubaliano ya kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Ada ina kanuni zake zinazoweka viwango, na makubaliano juu yake yanatakiwa kuandikwa na kutiwa sahihi na mteja. Uliza yatenganishwe mambo matatu: ada ya wakili, gharama za kesi kama ripoti ya daktari na malipo ya mahakama, na gharama zitakazolipwa na aliyeshindwa. Asipokueleza hilo la tatu litaingia kwa nani, hujamaliza mazungumzo.

Hakikisha pia kwamba ni wakili kweli. Cheti cha kufanyia kazi hutolewa kila mwaka, na Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha ya kutafutia kwenye mtandao. Jina peke yake halitoshi. Oktoba 2023 nchi ilisikia habari za mtu aliyedaiwa kujipenyeza katika mfumo wa chama na kutumia akaunti ya wakili halisi. Linganisha jina, nambari ya uwakili inayoanza na P.105, ofisi na sura ya mtu aliyeketi mbele yako. Ukiona umedhulumiwa, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na pia jopo la nidhamu.

Karatasi ya mwisho

Kesi nyingi za ajali huisha kwa maelewano. Bima hutuma hati ya kukiri malipo, ambayo kiini chake ni maneno machache: malipo kamili na ya mwisho. Ukishatia sahihi, upasuaji wa pili ukihitajika mwakani utaulipia kutoka mfukoni mwako. Kwa hiyo kubalianeni tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba hakuna kiasi kitakachokubaliwa kabla wewe hujaambiwa, kwamba daktari atasema kwanza kama bado kuna matibabu mbele, na kwamba pesa zikifika kwenye akaunti ya wateja ya wakili utapewa hesabu inayoonyesha kilichoingia, kilichokatwa na sababu yake. Wakili anayekubali masharti hayo bila kununa, na aliyeuliza habari za trela kabla hujaitaja, mpe kesi.