Kuituliza Nafsi Baada ya Kazi

Mwenyezi Mungu ameujaalia usiku uwe wa kupumzika na mchana uwe wa kutafuta maisha. Sura ya An-Nabaa inatufundisha hayo. Lakini ni wangapi katika sisi ambao jioni mwili hurudi nyumbani na moyo ukabaki kazini? Dereva wa lori ameegesha gari lake Mikumi, na masikio yake yangali yakisikia honi za barabara kuu ya Iringa. Mwenye duka wa Kilosa amekwisha kufunga mlango, na bado anagombana moyoni na mdeni wake. Mama ameshinda shambani tangu alfajiri, na mawazo ya mavuno hayamwachi hata akiwa jikoni.

Basi mzigo huo humwangukia nani? Huwaangukia walio nyumbani, ambao hawana kosa. Sisi tunaofundisha madrasa twawajua watoto ambao wakubwa wao huingia nyumbani kwa ukali. Hushituka kwa kila sauti, na aya waliyoihifadhi jana leo imewatoka.

Zingatieni jambo moja. Mtu hulala kitandani akayakumbuka maneno ya mkubwa wake wa kazi. Humwona usoni kabisa, humjibu, na moyo humwenda mbio na jasho likamtoka, hali mkubwa yule amelala kwake zamani. Nini kilichomtesa? Ni picha tu aliyojichorea mwenyewe. Maana mwili huiitikia picha ya moyoni karibu kama unavyokiitikia kitu chenyewe. Mtajie mwenzako embe bichi lililotiwa chumvi na pilipili, utaona atakavyomeza mate! Basi nguvu hiyo ambayo hutuumiza bila ya sisi kuitaka, twaweza kuitumia kwa kusudi ikatupumzisha.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa mji wa Balkh katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alishauri humo kwamba, kama vile mwenye akili anavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi kumfika, vivyo hivyo na aweke akiba ya fikira njema wakati ametulia, apate kuzitumia siku ya dhiki. Profesa Malik Badri wa Sudan, bingwa wa elimu ya nafsi aliyefariki mwaka 2021, aliieneza khabari ya mwanachuoni huyu kwa watu wa zama zetu.

Na sisi wa huku akiba hatukuikosa. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inapita katikati yake. Hata abiria wa basi huwaona twiga na tembo katika bonde la Mkata, na ile mivumo iitwayo mikumi, iliyoupa mji jina lake.

Njia yake ni hii. Ukisha kuoga, keti mahali pasipo zogo, simu uiweke mbali. Fumba macho. Vuta pumzi polepole, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Kisha jione umesimama mahali pamoja ulipopapenda, tuseme ukingoni mwa bonde la Mkata asubuhi baada ya mvua. Usitazame kwa haraka. Tazama ukungu ukipanda milima ya Uluguru, sikiliza ndege, nusa udongo uliolowa, sikia ubaridi wa upepo shingoni. Fikira za kazi zitabisha hodi. Usishindane nazo, rejea kwenye majani na ukungu wako. Dakika kumi zatosha. Na umkumbuke Aliyeviumba hivyo, kwani Sura ya Ar-Raad imetujulisha kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye.

Lakini kila mtu na achague mahali pasipo na jeraha lake. Wapo wenzetu wa Kilosa ambao mto Mkondoa uliwaondolea nyumba katika mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010. Kwa hao sauti ya maji huenda ikawa hofu, nao na wachague mlima au shamba. Dereva naye asifanye haya ila gari limesimama. Na aliyekosa usingizi siku nyingi, au aliyezidiwa na huzuni, aende hospitali, kwani kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.).

Nanyi vijana, msidhani haya ni ya wazee tu. Aliyetoka katika mtihani au kibaruani naye ana mzigo wake, na picha za simu humchosha zaidi.

Kisha inuka, uende kwa watu wako, utoe salamu. Salamu ni dua ya amani, na itakuwa vizuri ilioje ikiwa anayeitoa amekuja na amani hiyo moyoni mwake. Wabillahi tawfiq.