Upasuaji wa rovu: mashine inayolinda sauti ya mgonjwa

Rovu si ugonjwa mgeni Kivu. Kwenye kisiwa cha Idjwi, watafiti walilikuta kwa watu wengi tangu miaka ya 1960, kwa sababu ya upungufu wa iodini. Rovu likiwa kubwa na kubana koo, dawa yake mara nyingi ni kisu.

Lakini nyuma ya tezi ya shingo, kila upande, hupita mshipa mwembamba wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti. Ukikatwa au kuvutwa sana, sauti hukwaruza. Ikiumia yote miwili, mgonjwa anaweza kushindwa kupumua.

Katika hospitali zenye vifaa, madaktari hutumia mashine kuichunga mishipa hiyo. Mpira wa kupumulia hubeba waya zinazogusa nyuzi za sauti. Daktari anagusa mshipa kwa umeme kidogo. Nyuzi zikicheza, mashine inalia. Ishara ikipotea upande wa kwanza, anaweza kuahirisha upande wa pili.

Hata hivyo, mashine haichukui nafasi ya jicho la daktari. Na kinga ya kwanza inabaki jikoni: chumvi yenye iodini.