Njugu Mawe Asema Yake

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wapwa zangu. Leo si mimi ninayesimulia. Yupo mwenye hadithi yake, na ni siku nyingi hakupewa nafasi ya kusema. Ni mdogo, ni mviringo, ni mgumu. Mtieni kiganjani mmtazame vizuri. Huyu ana rangi ya maziwa. Yule ni mwekundu, yule mweusi, yule ana madoadoa. Kila mmoja ana alama nyeupe, pale alipokuwa ameshikana na ganda lake. Watoto wa pwani mnamjua akiwa sahanini, amepikwa kwa tui zito la nazi. Watoto wa bara mnamjua wa kuchemsha, na chumvi kidogo. Jina lake Njugu Mawe. Haya, mwacheni aseme.

"Hamjambo, watoto?

"Mimi ni mwenyeji wa Afrika. Kwetu ni Afrika Magharibi. Huko nilianza kulimwa zamani sana. Kisha nikasafiri polepole, kutoka kiganja cha mama mmoja hadi kiganja cha mama mwingine, mpaka nikafika kusini, nikafika mashariki, nikavuka bahari hadi Madagaska. Mahindi si mwenyeji. Muhogo si mwenyeji. Karanga naye alitoka Amerika ya Kusini, akaletwa na majahazi ya Wareno, akanikuta nimo shambani."

Mbona basi Karanga yuko kila duka, na wewe hatukuoni?

"Umeuliza vema, mwanangu! Anayeuliza hivyo ana macho. Sikiliza. Karanga ana mafuta mengi, karibu nusu ya mbegu yake ni mafuta. Kwa hiyo wenye viwanda wakamtaka. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa kulima karanga nyingi mno Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta. Wakatumia mamilioni ya pauni. Lakini Kongwa, huko Dodoma, mvua ni haba. Jua lilipokaza, udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa.

"Na mimi je? Mimi sikuletewa trekta. Nilikuwa huko huko Dodoma, kwenye vishamba vya kina mama, nimepandwa kwa jembe la mkono."

Kwani wewe huogopi jua?

"Jua nalijua. Mvua ikiwa chache, navumilia. Udongo ukiwa wa mchanga na umechoka, navumilia. Maji yakituama, hapo ndipo ninapougua. Mnipe jua, msinipe dimbwi."

Sasa wapwa zangu, nitamkatiza kidogo, maana kuna jambo yeye mwenyewe analiona la kawaida, nami kila nikiliangalia nastaajabu. Nenda shambani wakati wa maua. Chuchumaa. Inua majani yake, yanaota matatu matatu. Utaona ua dogo la manjano chini kabisa, karibu liguse udongo. Ua likishapata mbegu changa, kikonyo chake kinainama. Kinasukuma udongo. Kinaingia ndani. Na huko ndani, gizani, ndiko ganda linakonenepa, mara nyingi likiwa na mbegu moja tu. Ndiyo maana mama akipalilia huvuta udongo na kuuweka shinani. Anamfunika mtoto wa njugu alale vizuri.

Na mizizi yake ina nini?

Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja! Mng'oe mmoja taratibu, kung'uta udongo. Utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ndani ya vinundu wanaishi bakteria. Bakteria hao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Naitrojeni ndiyo ile ambayo wakulima huinunua dukani ikiwa ndani ya mfuko wa mbolea. Njugu Mawe hajanunua chochote. Kunde, choroko na hata Karanga hufanya vivyo hivyo, maana ni ukoo mmoja.

"Umemaliza, mjomba? Basi niwaambie ninachokupeni mezani. Katika gramu 100 za mbegu zangu kavu, karibu gramu 20 ni protini, ile inayojenga mwili. Gramu 60 hivi ni wanga wa kuwapa nguvu. Mafuta ninayo, ila kidogo."

Lakini mama anasema unamaliza kuni!

"Mama amesema kweli. Nikikauka mimi ni mgumu, na sufuria yangu hukaa jikoni muda mrefu. Wengi wameniacha kwa sababu hiyo. Basi niloweke usiku kucha, nitalainika upesi zaidi. Au nichemshe nikiwa bado mbichi, na maganda yangu, siku ile ile nilipong'olewa."

Mjomba, mahindi tunayo, mchele tunao. Njugu mawe ya nini tena?

Fikirini kijiji chenye njia moja tu ya kwenda sokoni. Siku zote njia ni nzuri. Siku moja mvua inazoa daraja. Watu watapita wapi? Chakula nacho ni hivyo hivyo, sikilizeni. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza kwamba mimea iliyowahi kulimwa kwa chakula duniani ni kama aina 6,000. Kati ya hiyo, aina 9 tu ndizo zinazotoa asilimia 66 ya mazao yote. Tisa tu! Na mwaka 2016 viwavijeshi vamizi kutoka Amerika waliingia Afrika. Katika miaka miwili walikuwa wameenea karibu kote kusini mwa Sahara, na walichokipenda zaidi ni mahindi. Aliyekuwa na mahindi peke yake shambani, alilia.

"Nami nimeanza kukumbukwa, watoto. Huko Ibadan, Nigeria, kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA kimetunza mbegu zangu za aina nyingi, zimekusanywa nchi kwa nchi. Na mwaka 2019 wanasayansi walichapisha maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli zangu, pamoja na ya mlonge na mimea mingine mitatu inayoota Afrika. Maelezo hayo yanaweza kuwasaidia kupata mbegu zinazoiva upesi na kuzaa zaidi."

Wanasayansi wafanye yao, na nyinyi, wapwa zangu, kazi yenu ninayo. Mkienda sokoni, muulizeni bibi anayeuza njugu mawe mbegu zake zimetoka wapi, tena muulizeni kwa adabu, atafurahi. Ombeni kiganja kimoja cha mbegu za rangi tofauti. Mvua zikianza, chagueni mahali pasipotuama maji, mpande mbegu moja moja, mvute udongo shinani maua yakitoka. Zipeni miezi minne, pengine mitano. Na mkivuna, msizile zote: wekeni nyingine kavu ndani ya chupa yenye kifuniko, za kupanda mwakani.