Kifaranga dhaifu, tusimtupe haraka

Kuku akiangua mayai, mara nyingi kifaranga mmoja anabaki nyuma: amelowa, anatetemeka, hasimami. Wengi wetu tunasema, "Huyo amekwisha kufa." Lakini kifaranga mmoja akikua ni sabuni, ni daftari la mtoto.

Kwanza, joto. Tumweke ndani ya katoni yenye kitambaa kikavu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa nguo. Abaki na nafasi ya kusogea joto likizidi. Tusimweke karibu na makala: moshi wake unaua.

Pili, tusimlazimishe kula. Siku ya kwanza na ya pili anaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake. Akisimama, tuchovye ncha ya mdomo wake katika maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Tusimmiminie maji mdomoni, atapaliwa.

Akipata nguvu, tumrudishe usiku chini ya mabawa ya mama yake, na asubuhi tuangalie kama hamdonoi. Kisha tunawe mikono kwa sabuni, sisi na watoto.

Kuku anayetutagia mayai nyumbani leo, alianza hivyo.