Babu Aliyekuwa na Nafasi

Akina mama wengi tunalijua jambo hili. Mtoto ametushinda nyumbani, tunampeleka kwa babu na bibi akae huko kwa muda, naye anaporudi tunamwona amekuwa mtoto mwingine. Tukimwuliza babu amemfanya nini, yeye hucheka tu. Basi leo tumemchagua mjukuu mmoja ambaye, alipokuwa mtu mzima, alisimulia kinaganaga mambo aliyofanyiwa na babu yake.

Mjukuu huyo ni Arun Gandhi. Alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1934. Baba yake, Manilal, alikuwa mtoto wa pili wa Mahatma Gandhi, yule aliyewaongoza watu wa India kudai uhuru wao bila silaha. Arun alipokuwa na umri wa miaka 10 alipigwa na vijana wa Kizungu kwa kuwa machoni pao alikuwa mweusi mno. Baadaye akapigwa na vijana wa Kiafrika kwa kuwa kwao alikuwa mweupe mno. Mtoto akajaa hasira, akaanza kufanya mazoezi ya kutunisha misuli ili siku moja alipize kisasi.

Wazazi wake waliona hatari. Mwaka 1946, akiwa na miaka 12, walimpeleka India kwa babu yake. Bibi hakuwapo tena, kwani Mama Kasturba alikuwa amefariki dunia mwezi Februari 1944 akiwa kizuizini. Babu naye alitimiza miaka 77 mwaka huo, na shughuli za uhuru zilikuwa zimepamba moto. Wakubwa wa nchi walikuwa wakingoja zamu ya kuzungumza naye. Hata hivyo, kijana huyo alitengewa saa moja kila siku. Katika saa hiyo waliongea, na babu alimfundisha kusokota uzi wa pamba. Hapo sisi tulisimama kidogo tukajiuliza ni nani kati yetu anayempa mtoto wake saa nzima kwa siku, bila redio wala sufuria jikoni.

Siku moja Arun alikuwa akitoka shule, akakitazama kipande cha penseli alichobaki nacho, akaona kimekuwa kifupi mno, akakitupa. Jioni akamwomba babu penseli mpya, akidhani atapewa mara moja. Badala yake akaulizwa maswali: Ile ya zamani iko wapi? Kwa nini umeitupa? Umeitupia wapi? Kisha akapewa tochi, akaambiwa aende akaitafute. Alitafuta gizani kwa muda wa saa 2 hivi mpaka akaipata. Aliporudi, babu alimketisha akamweleza kwamba hata kitu kidogo kama penseli kimetengenezwa kwa mali ya asili, na anayetupa ovyo anaidhulumu dunia. Tena wenye uwezo wanapotumia kupita kiasi, maskini ndio wanaokosa.

Tuangalie kwamba hakuna kofi lililopigwa hapo, wala mtoto hakuitwa mpumbavu. Lakini tochi alipewa, na penseli aliipata.

Baada ya hapo babu alimpa kazi ya kila jioni. Achore mti wenye matawi mawili. Tawi moja aandike maovu ya siku hiyo ya kupiga na kuumiza mwili. Tawi la pili aandike yale yanayoumiza bila kugusa mtu: matusi, dharau, ubaguzi, kupoteza mali ovyo. Arun alisema kwamba tawi la kwanza halikukua sana, bali lile la pili baada ya miezi michache lilijaa ukuta mzima wa chumba chake. Kijana aliyekuja akiwawazia ubaya waliompiga, sasa alikuwa akijisoma mwenyewe ukutani.

Msidhani babu huyu alikuwa mkali tu. Watu waliotaka saini yake walilipa rupia 5, na fedha hizo zilikwenda kusaidia maskini. Arun ndiye aliyekusanya vitabu na fedha. Siku moja akachomeka kitabu chake mwenyewe katikati, bila fedha. Babu akagundua, akakataa: mjukuu naye alipe, tena kwa fedha aliyoifanyia kazi! Kijana hakukubali kushindwa. Aliingia tena na tena babu alipokuwa na wakubwa, akidai saini yake. Babu hakumfukuza hata mara moja. Alimziba mdomo kwa mkono, akamkumbatia kifuani, akaendelea na mazungumzo. Saini hakuipata kamwe.

Ni haki pia tuseme jambo lingine. Babu huyu mwenye subira hakuwa baba mwepesi. Mtoto wake wa kwanza, Harilal, aligombana naye kwa miaka mingi, na moja ya sababu ilikuwa kunyimwa nafasi ya kusoma Uingereza. Harilal aliishia kwenye ulevi. Kwa maoni yetu, mjukuu alipata kilichokosekana kwa mwana, kama inavyotokea katika nyumba nyingi. Tunapomwona baba mkwe akimbembeleza mtoto wetu, huku mume wetu akikumbuka fimbo tu, tusimcheke mume.

Familia ilirudi Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 1947. Tarehe 30 Januari 1948, babu alipigwa risasi mjini Delhi akielekea kwenye sala ya jioni. Arun alikuwa na miaka 13. Alisimulia kwamba hasira ilimrudia yote, akatamani kumnyonga muuaji kwa mikono yake. Wazazi wake walimkumbusha kazi aliyofundishwa na babu kuhusu hasira. Aliendelea kuifanya, akawasimulia watoto wa watu wengine habari ya ile penseli, mpaka alipofariki mwezi Mei 2023, akiwa na miaka 89 na yeye mwenyewe babu.