Dakika ishirini kwa nyambizi isiyo na jina

Je, wajua kwamba mtungi wa hewa unaoweza kumtosha mtu kwa saa mbili akiwa juu ya maji, utamwishia kwa robo saa tu akiwa mita 70 chini? Mtungi ni uleule na mapafu ni yaleyale. Maji ndiyo yaliyozidi. Kila mita 10 za maji ya bahari hukandamiza kwa nguvu sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, hivyo mita 70 chini shinikizo huwa mara 8 ya lile la ufukweni, na kila pumzi humeza hewa mara 8. Mtungi wa kawaida, uliojazwa sawasawa, hubeba lita 2,400 hivi za hewa. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu atavuta 160 huko chini. Gawanya mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo, nyambizi moja ya Ujerumani ilikaa miaka sita bila kujulikana jina lake, na huku watu wakiishika kwa mikono.

Wavuvi wa bahari yoyote wanajua kwamba penye mwamba au chombo kilichozama, samaki hukusanyika. Mwaka 1991 nahodha Bill Nagle alipata kwa mvuvi vipimo vya mahali pa namna hiyo, mbali na pwani ya New Jersey, Marekani. Tarehe 2 Septemba akaenda na kundi la wazamiaji. John Chatterton, ambaye riziki yake ilikuwa kuzamia, akatangulia kushuka kwa kamba ya nanga. Chini, kwenye kina cha mita 70 hivi, alikuta nyambizi ya vita. Hakuna kumbukumbu iliyotaja nyambizi kuzama eneo hilo. Mwezi huohuo yakapatikana mabakuli yenye tai na swastika, alama za Ujerumani ya Kinazi, yameandikwa 1942. Ya nyambizi ipi, hayakusema.

Mtu angeweza kudhani kazi iliyobaki ni kuingia ndani, kupekua na kutoka na jibu. Ila kina hicho kinamharibu mtu akili kabla hakijamharibu mwili. Nitrojeni, ambayo tunaivuta siku zote bila madhara, ikishindiliwa mwilini humlevya mtu kama pombe. Ulevi huo huanza kuonekana mita 30 hivi, na kwa mita 70 mzamiaji anayevuta hewa ya kawaida anaweza kusoma saa yake asielewe inasema nini. Hata oksijeni hugeuka: ikizidi shinikizo fulani, inaweza kumwangusha mtu kwa degedege, naye yumo majini. Kwa hiyo Chatterton na mwenzake Richie Kohler waliacha hewa ya kawaida wakahamia mchanganyiko wa gesi tatu uitwao traimiksi, ambamo sehemu kubwa ya nitrojeni huondolewa na kuwekwa heliamu, ileile inayopaisha maputo. Heliamu hailevyi. Miaka hiyo ilikuwa ghali, na wengi waliiogopa kwa kuwa ilikuwa ngeni kwao.

Kushuka ni dakika chache. Kupanda ndiko kazi ilipo, na hapa nawashukuru mbuzi. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yao: waliwafungia mbuzi kwenye chumba cha shinikizo, kisha wakalipunguza na kuangalia nani atakunja mguu kwa maumivu. Gesi iliyoyeyuka mwilini, shinikizo likishuka ghafla, hutoka kwa mapovu kwenye damu na viungo. Haldane aligundua kwamba mnyama huvumilia shinikizo likipungua kwa nusu, lakini likizidi hapo, hatari huanza.

Tazama maana yake. Kutoka mita 70 hadi 30, shinikizo hushuka kutoka 8 hadi 4. Kutoka 30 hadi 10, hushuka kutoka 4 hadi 2. Mita 10 za mwisho, ambazo mtoto wa pwani huzipiga mbizi kwa pumzi moja, nazo hulikata kwa nusu, sawa kabisa na zile mita 40 za kwanza. Mzamiaji hutua kituo baada ya kituo, na hukaa muda mrefu zaidi pale ambapo tayari anaona chombo chake kikielea juu yake. Kwa dakika 20 au 25 za chini, hulipa zaidi ya saa moja akining'inia kwenye kamba.

Wasioweza kulipa, bahari iliwachukua. Mzamiaji mmoja alifia hapo mwezi uleule wa Septemba 1991. Oktoba 1992, baba na mwanawe walishuka wakivuta hewa ya kawaida. Kijana akanaswa ndani ya chuma, baba akamkomboa, na wote wawili wakapanda moja kwa moja bila kutua. Siku hiyohiyo wakafa.

Katikati ya misiba hiyo, Novemba 1991, Chatterton alitoka na kisu chenye jina limechongwa kwenye mpini: Horenburg. Martin Horenburg alikuwa mtu wa redio wa nyambizi U-869. Lakini nyaraka zilisema U-869 ilizamishwa Februari 1945 karibu na Rabat, Morocco. Kisu kikawekwa kando, nyaraka zikaaminiwa. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba makao makuu ya Ujerumani yalikuwa yameiamuru nyambizi hiyo igeuze njia iende Gibraltar, na yaelekea ujumbe huo haukuifikia. Ikaendelea kuelekea Marekani. Waliohesabu hasara baada ya vita waliifuata amri ile ya Gibraltar, wakaiweka nyambizi upande wa Morocco.

Tarehe 31 Agosti 1997 Chatterton alijipenyeza hadi chumba cha mota za umeme akiwa na mtungi mmoja tu, maana njia ilikuwa nyembamba. Akatoa sanduku la vipuri. Kwenye kibao chake paliandikwa U-869.

Ndani walikufa watu 56. Wamebaki humo. Mwenzao mmoja, Herbert Guschewski, naye wa redio kama Horenburg, aliugua kabla ya safari akaachwa nchi kavu. Kibao kile kilipotolewa majini alikuwa hai bado, Ujerumani.