Njia za Miguu Kandokando ya Ziwa Victoria: Somo kutoka Vijiji vya Himalaya

Himalaya ikitajwa, wengi wetu hufikiria Everest: theluji, mitungi ya oksijeni na wapandaji wanaohatarisha maisha ili wafike kileleni. Hiyo ni sehemu ndogo ya utalii wa milima nchini Nepal. Wageni wengi zaidi huenda huko kutembea taratibu kwenye vilima vya chini, kijiji hadi kijiji, wakipita mashamba ya mpunga na wimbi yaliyokatwa ngazi kwa ngazi, wakilala kwa wenyeji na kula wanachokula wenyeji. Safari maarufu ya aina hiyo, ya Poon Hill katika eneo la Annapurna, huanzia Nayapul, penye kimo cha mita 1,070 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu, iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria lenye kimo cha takriban mita 1,135, iko juu kuliko hapo. Sirubari, kijiji cha Wagurung kinachosifika kwa kupokea wageni, kiko karibu na mita 1,700, yaani kimo kile kile cha Kwitutu, kilele cha kisiwa cha Mfangano chenye mita 1,694. Ikiwa vijiji vya Nepal vimejipatia riziki kwenye vilima vya kimo hiki, kwa nini vijiji vinavyozunguka Ghuba ya Winam ya ziwa hilo bado? Nashikilia kwamba kinachotutenga nao ni mpangilio: njia iliyotunzwa, nyumba zinazopokea wageni kwa zamu, na kamati ya kijiji yenye kauli juu ya bei na mapato. Mlima tunao tayari.

Tuanze na ardhi yenyewe. Anayepanda Kwitutu kutoka ufukweni huinuka mita 560 hivi. Mlima Homa, masalia ya volkano upande wa kusini wa ghuba, una mita 1,751, kwa hiyo mpandaji huinuka zaidi kidogo ya mita 600. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye afya ya kawaida, awe kijana au mstaafu. Ugonjwa wa kimo, ambao kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500, hauna nafasi hapa. Safari pia hujipanga yenyewe ukifuata ramani. Kutoka Kisumu, barabara ya Bondo hupita Seme, penye majabali ya Kit Mikayi yaliyobebana; kutoka Bondo mtu huteremka hadi Luanda K'Otieno, huvuka kwa feri hadi Mbita, kisha huendelea Rusinga kwa daraja au Mfangano kwa boti. Kila kituo kina historia nzito. Rusinga ndipo mwanaakiolojia Mary Leakey alipolipata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, jamii ya sokwe wa kale walioishi miaka milioni 18 iliyopita, na ndipo alipozikwa mwanasiasa Tom Mboya baada ya kuuawa Julai 1969. Mfangano, kisiwa cha Abasuba, kina michoro ya miamba huko Mawanga na Kwitone, duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na wawindaji wa kale wa Kitwa. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, ni mahali ambapo watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Upande wa Siaya kuna Got Ramogi, kilima ambako mapokeo ya Wajaluo yanasema Ramogi Ajwang' alipiga makao ya kwanza katika nchi hii, na chini yake mafunjo ya Yala na Ziwa Kanyaboli, makazi ya nzohe. Mambo haya hayamwingii mgeni anayeshuka garini, akapiga picha na kuondoka. Yanahitaji mwendo wa miguu, mwenyeji wa kueleza, na usiku wa kulala palepale.

Sasa tuutazame mpangilio wa Nepal, kwa kuwa somo lenyewe limo humo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa hifadhi ya Annapurna, chini ya taasisi isiyo ya serikali. Wakati ule desturi katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, ilikuwa kuwahamisha watu ili kuweka hifadhi. Annapurna ilifanya kinyume: watu walibaki kwenye ardhi yao, na ada ya kuingia anayolipa mgeni ikaelekezwa kwenye uhifadhi na maendeleo ya eneo lile lile. Wenye nyumba za kulala wageni waliunda kamati zilizopanga orodha ya vyakula na bei zake, ili jirani asimharibie jirani soko kwa kushusha bei hadi wote wakose faida. Kuni zilipoanza kuumaliza msitu, kamati hizo hizo zilihimiza mafuta ya taa na maji ya kuoga yanayopashwa moto kwa jua. Sirubari, kilichoanza kupokea wageni mwaka 1997, kilikwenda mbali zaidi. Huko mgeni hachagui nyumba. Kamati humpeleka kwenye nyumba ambayo zamu yake imefika. Kwa utaratibu huo nyumba iliyo kando ya njia haimpokonyi wageni mwenye nyumba ya ndani, na fedha hazijikusanyi kwa familia mbili tatu zenye mtaji.

Wapo watakaosema kwamba Nepal ni mbali na desturi zake si zetu. Basi tutazame Lushoto, kwenye Milima ya Usambara nchini Tanzania. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilianzisha mpango wa utalii wa kitamaduni kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, na Lushoto ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Usambara haina theluji wala simba wa kuvutia magari. Ina mashamba ya Wasambaa, masalia ya msitu wa Magamba, ukingo wa Irente unaotazama nyika, na njia za miguu za siku kadhaa hadi kijiji cha Mtae. Wageni hutembea na waongozaji wa hapo hapo, hulala njiani, na sehemu ya wanacholipa hutengwa kwa maendeleo ya kijiji. Lushoto haijatajirika kama Zanzibar, wala hakuna aliyeiahidi hivyo. Ilichothibitisha ni kwamba kijiji cha Kiafrika cha wakulima, katika milima ya kimo cha wastani, kinaweza kuwa kivutio kwa namna kinavyoishi siku zote.

Turudi ziwani. Kinachonipa matumaini ni kwamba msingi wa mpangilio huo umekwisha kuwekwa, ila kwa kazi nyingine. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka kwenye kila bichi ya wavuvi nchini Kenya chombo cha usimamizi kinachojulikana kwa herufi zake, BMU. Kina kamati ya kuchaguliwa ambamo wenye vyombo, wavuvi vibarua na wachuuzi wa samaki huwakilishwa. Kina daftari la wanachama na uzoefu wa kukusanya ada ndogondogo. Kando yake viko vyama vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, ambavyo nidhamu yake ya zamu inafanana sana na ile ya Sirubari. Zaidi ya hayo, kalenda yenyewe inasaidia. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, kwa takriban miezi minne kuanzia Aprili, na kaya nyingi za ufukweni hubaki bila kipato. Mvua za masika hupungua kuelekea Juni, na Juni na Julai ndiyo miezi ambayo watu wa Ulaya na Marekani huanza likizo ndefu. Msimu wa njaa wa mvuvi unagusana na msimu mzuri wa kutembea. Tena kipato cha nyumba ya wageni huingia kwanza mikononi mwa anayepika, anayetandika na anayepokea, ambaye kwa kawaida ni mwanamke. Katika bichi ambazo wachuuzi wa kike wamelazimika kuingia kwenye mtego wa jaboya, wakitoa miili yao ili wapate samaki wa kuuza, shilingi isiyopitia kwa mwenye mashua ni jambo la heshima na la afya.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wageni hawatakuja, kwa sababu anayetaka kupanda atakwenda Mlima Kenya au Kilimanjaro. Pingamizi hili linachanganya wasafiri wa aina mbili. Anayetaka kilele cha mita 5,895 hatatosheka na Kwitutu, na hatumtafuti. Anayetafutwa ni yule anayetaka siku nne au tano za utulivu, bila baridi kali wala mazoezi ya miezi, na mtu huyo hapati mengi katika matangazo ya Kenya, yaliyojaa nyika na pwani. Wala mgeni si mzungu peke yake. Nairobi ina mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya kaunti za ziwa ambao watoto wao hupajua nyumbani kwao kwa matanga na Krismasi tu. Kwa hesabu ya biashara, hao ndio soko la kwanza, kwa sababu hawahitaji visa, wanajua njia, na wanaweza kuja mwishoni mwa wiki ndefu.

Pingamizi la pili ni la afya na usalama, na ni zito. Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Maji ya kina kifupi yenye majani hubeba konokono wa kichocho. Jua la mchana ni kali, na alasiri upepo wa ziwani hukutana na nyanda za juu, ukazaa radi na mvua za ghafla. Usiku dhoruba huhamia ziwani, na wavuvi wengi wamepoteza maisha humo. Mambo haya yote yana dawa katika ratiba. Matembezi yaanze saa kumi na mbili asubuhi na wageni wawe wameteremka kilimani kabla ya saa sita. Kuvuka kwa boti kuwe asubuhi, ziwa likiwa limetulia, kila abiria akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha. Mgeni alale kwenye chandarua, atumie kinga ya malaria, na asioge wala kutembea ndani ya maji ya ukingoni. Waongozaji wafunzwe huduma ya kwanza na wajue zahanati iliyo karibu na kila kituo. Njia isiyoweza kutimiza hayo isifunguliwe.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wazee, nami naliona kuwa zito kuliko yote: kwamba tutayageuza makazi na mahali patakatifu kuwa maonyesho. Kit Mikayi huendewa na waumini, wakiwemo wa kanisa la Legio Maria, kusali na kufunga. Got Ramogi ni kilima cha dua na cha mitishamba. Boma la Mjaluo nalo lina utaratibu wake: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazama lango, na simba, yaani nyumba ndogo za vijana wa kiume, hujengwa karibu na lango hilo. Si kila mtu hulala popote. Kwa hiyo chumba cha mgeni kisibuniwe na mshauri kutoka mjini. Wazee wa kila boma waamue kijengwe wapi, na hapana budi pawe na siku na sehemu ambazo mgeni haruhusiwi kuingia wala kupiga picha. Lakini tusisahau kwamba kutofanya lolote pia kuna gharama. Olusuba, lugha ya Abasuba, imekuwa ikimezwa na Dholuo kwa vizazi kadhaa, na kijana asiyeona faida ya kuijua historia ya miamba ya kwao hana sababu ya kukaa na babu yake kuiuliza. Mwongozaji anayelipwa kwa ujuzi huo anayo.

Pingamizi la mwisho husema kwamba wanavijiji wanataka lami, si vijia vya wageni. Ni kweli wanataka barabara, na wana haki. Annapurna yenyewe ilipitiwa na barabara: gari zilipofika Jomsom kupitia bonde la Kali Gandaki, watembeaji walipungua kwenye njia ile ya vumbi, na ilibidi njia nyingine zitafutwe na kuwekewa alama ng'ambo ya bonde. Funzo ni kwamba njia ya miguu ipangwe siku ile ile barabara inapopangwa, iwe na ukanda wake, kabla ua na majengo havijaiziba. Kijia kinachopita juu ya kilima, mbali na pikipiki, kinagharimu kidogo kikiwekwa mapema, na kikishazibwa na mashamba ya watu ni vigumu kukirudisha.

Mapendekezo yangu basi ni haya. Kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay zichague njia tatu tu za kuanzia: Mfangano, vilima vya Homa, na Got Ramogi hadi Kanyaboli. Kila njia ipimwe, iwekewe alama, na makubaliano ya kupita yaandikwe na wenye mashamba. BMU na vyama vya akina mama viunde kamati moja ya njia, yenye daftari la zamu lililo wazi kwa kila mwanachama na bei moja inayojulikana. Sehemu ya ada itengwe kwa ajili ya njia, zahanati na shule, na hesabu zisomwe barazani kila msimu. Fedha za umma ziende kwenye alama, mafunzo, vyoo na majaketi ya boti kabla ya hoteli yoyote kubwa, kwa sababu hoteli humleta mgeni mjini na kumweka huko, ilhali njia humfikisha kwenye mlango wa mwananchi. Vijiji vya Nepal vilianza na wageni wachache na kanuni zinazoeleweka na wote. Hakuna kinachozuia vijiji vya ziwa hili kuanza vivyo hivyo kabla ya msimu ujao wa kufungwa kwa omena.